Kazi imeingia nyumbani bila ya kubisha hodi

Mlango wa Mswahili, uwe wa mbambakofi uliotiwa nakshi au wa mabati ya kuungaunga, hausukumwi tu na mtu atokaye nje. Hubishiwa hodi. Mgeni husimama kizingitini akaita mara ya kwanza, akangoja. Akaita mara ya pili, akangoja. Na mara ya tatu asipoitikiwa "Karibu", hurudi alikotoka bila ya kinyongo, maana amekwisha kufahamu kwamba mwenye nyumba hayupo, au yupo lakini hana nafasi. Neno hili dogo la silabi mbili limebeba sheria nzima isiyoandikwa: kwamba nje ni pa watu wote na ndani ni pa mwenyewe, kwamba atakaye kuvuka sharti aombe idhini, na kwamba idhini hiyo yaweza kucheleweshwa au kunyimwa pasi na ugomvi.

Nimeanza na hodi kwa kuwa nataka kuzungumzia kazi. Katika miaka hii michache, kazi za ofisini na za darasani zimehamia majumbani mwetu kupitia simu za mkono na tarakilishi, na wala hazikubisha hodi. Zimepita moja kwa moja hadi sebuleni, jikoni na chumbani. Sisi walimu tumekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuhamiwa, na nionavyo mimi, tumelinyamazia jambo hili kupita kiasi.

Msomaji atakumbuka yalivyoanza. Mnamo Machi 13, 2020, serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha ugonjwa wa corona nchini Kenya. Siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule na vyuo. Walimu ambao hawakuwahi kufundisha pasipo ubao na chaki walijikuta wakijifunza Zoom, Google Meet na makundi ya WhatsApp kwa muda wa siku chache, wengi kwa simu zao wenyewe na kwa fedha zao wenyewe. Ilikuwa dharura, na dharura haina adabu, hakuna aliyelalamika. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, barakoa zikavuliwa, mikutano ya ana kwa ana ikarejea. Hata hivyo, mengi yaliyoletwa na dharura hayakuondoka pamoja nayo. Mkutano wa idara ungali unaweza kuitishwa saa mbili za usiku kwa sababu eti "kila mtu yuko nyumbani". Makundi ya walimu, ya wazazi, ya kamati na ya wanafunzi yangali yanalia mpaka usiku wa manane. Mgeni aliyekuja kwa dharura amekwisha kutandikiwa kitanda.

Nisieleweke visivyo. Simkashifu mtu kwa kutumia mashine, wala sitamani turudi katika zama za mashine ya chapa na karatasi ya kaboni. Leo ninaweza kumsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyeko Lodwar au Lamu, akanipelekea sura ya tasnifu yake asubuhi nami nikamrudishia maoni kabla ya machweo, pasipo yeye kulala safarini siku mbili. Mama aliyejifungua, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, na mfanyakazi aliyezoea kupoteza saa tatu kwa siku katika msongamano wa magari jijini Nairobi, hao wote wamepata nafuu ya kweli katika kufanyia kazi nyumbani. Neema hiyo haina ubishi. Ninachouliza ni kama neema hii imewekewa mipaka, na nani anayeubeba mzigo wake pale ambapo mipaka haipo.

Mzigo wenyewe si ngano. Mapema mwaka 1984, kabla ya wengi wetu kuiona tarakilishi kwa macho, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Craig Brod alitoa kitabu kilichoitwa Technostress, kuhusu dhiki impatayo mtu anaposhindwa kuishi na mashine za kisasa kwa njia ya afya. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa hali ya mtu kumalizwa na kazi. Halikuiita ugonjwa bali tukio la kikazi, likaitajia dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga au kuibeza kazi aliyokuwa akiipenda, na kuhisi kwamba hafanyi tena lolote la maana. Mwalimu asomaye maneno haya na ajipime mwenyewe.

Hapa naomba niseme kidogo kama mtu wa isimu. Mwenzetu aliyefikwa na hali hiyo tukimwuliza habari zake, aghalabu hujibu kwa neno moja: "Nimechoka." Nasi humwambia akalale. Lakini Kiswahili, kwa hekima yake, kina umbo jingine la kitenzi hichohicho: "nimechoshwa". Tofauti yake si ya sauti tu. Kuchoka ni hali iliyomo ndani ya mtu, na hali hiyo huondolewa na usingizi. Kuchoshwa kuna mtenda. Yupo aliyechosha au kipo kilichochosha. Kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa vimekaa humo vikidai swali: umechoshwa na nani, umechoshwa na nini? Mtu aliyechoshwa akilala atapata nguvu kidogo, kisha asubuhi atamkuta yuleyule aliyemchosha akimngoja. Tumekuwa tukitibu kuchoshwa kana kwamba ni kuchoka. Huko ndiko kuwapa wafanyakazi mawaidha ya kunywa maji mengi na kufanya mazoezi, ilhali ratiba iliyowachosha haikuguswa.

Basi tuulize: wanachoshwa na nini?

Kwanza, wanachoshwa na mazungumzo yasiyo mazungumzo. Watafiti wa lugha waliolinganisha lugha kumi za ulimwengu walionyesha mwaka 2009 kwamba, katika maongezi ya kawaida, kimya kati ya msemaji mmoja na anayempokea ni kifupi mno: kwa wastani ni takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Sikio letu limezoea mpigo huo tangu utotoni. Mtandao ukikawiza sauti hata kwa nusu sekunde, mpigo huvurugika. Watu wawili huanza kusema kwa pamoja, wote wawili hunyamaza, kisha wote wawili huanza tena. Juu ya hayo, adabu ya mikutano ya mtandaoni hutaka kila asiyesema azime kipaza sauti chake. Hapo hupotea "naam", "enhe", "ala!" na "kumbe!" ambazo kwazo msikilizaji humsukuma msemaji mbele. Wazee wetu walilijua jambo hili. Ndiyo maana mtambaji hakuanza hadithi kabla hajajibiwa. Mwalimu anayefundisha mbele ya visanduku hamsini vyeusi anasema "Paukwa" saa nzima bila ya kusikia "Pakawa". Hajui kama wamo, kama wamelala, au kama wamemwelewa. Ubongo wake hufanya kazi maradufu kutafuta ishara ambazo hazipo.

Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alizitaja mwaka 2021 sababu nne za uchovu wa mikutano ya video: nyuso za watu zinazotukodolea macho kwa ukaribu usio wa kawaida, kujiona wenyewe muda wote kana kwamba tumebebeshwa kioo, kulazimika kuketi pahali pamoja bila ya kusogea, na juhudi ya ziada tunayoitumia kupeleka na kupokea ishara. Mwalimu wa darasani hutembea, huegemea meza, huchungulia dirishani. Mbele ya kamera hugeuka picha ya pasipoti.

Pili, wanachoshwa na kukosa haki ya kunyamaza. Zamani za posta, mtu aliandika barua akijua kwamba jibu litachukua majuma mawili, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa na kiburi kwa sababu hiyo. Muda ule ulikuwa sehemu ya adabu ya mawasiliano. Siku hizi ujumbe hufika papo hapo, na alama mbili za buluu humshtaki aliyeusoma asijibu. Mwanafunzi huandika saa nne za usiku: "Mwalimu, uko?" Haelezi shida yake, anauliza kama upo. Swali hilo, kwa kanuni za mazungumzo, hudai jibu, na kutojibu kunahesabiwa kuwa ni jibu baya. Mwanafunzi wa watu hana nia mbaya; hajafunzwa tu. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili, makundi manane na wakuu watatu, kila mmoja akiwa na "uko?" yake, hana tena saa ambayo hayupo.

Tatu, wanachoshwa na jicho lisilofumba. Wengi wa wahitimu wetu, kwa kukosa ajira za kudumu, hufanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa ng'ambo: kunukuu sauti, kutafsiri, kuhariri, kuipanga data. Mteja wa California anapofungua ofisi yake saa tatu za asubuhi, hapa Nairobi ni saa moja au saa mbili za usiku. Kijana hukesha. Na ili kuhakikisha kwamba hasinzii, zipo programu zinazohesabu mara alizobonyeza vitufe na kupiga picha ya kiwambo cha tarakilishi yake kila baada ya dakika chache. Msimamizi wa kiwanda alikuwa na macho mawili na ilimbidi aende kula chakula cha mchana. Msimamizi wa aina hii hali wala halali. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Lakini kijana anayelipwa kwa saa, na mteja asiyemjua kwa sura, ataanzia wapi kuidai?

Nne, wanachoshwa na gharama iliyohamishwa kimyakimya. Zamani mwajiri alilipia chumba, meza, taa na simu. Sasa mfanyakazi hununua bando, hulipia umeme, na huketi kwenye kiti cha mezani kinachomvunja mgongo. Hitilafu ikitokea, lawama ni yake. Mnamo Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilikatika, mtandao ukazorota Kenya, Tanzania na kwingineko katika ukanda huu. Siku kama hizo hakuna atakayemwuliza mwalimu kama ana jenereta. Ataulizwa mbona alama hazijaingizwa. Na wanawake ndio wanaolemewa zaidi, kwa kuwa nyumba iliyogeuzwa ofisi haikuacha kuwa nyumba. Chungu kiko motoni, mtoto analia, na mkuu wa idara anauliza, "Mbona umezima kamera?"

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya watu walioketi kwenye viti huku wengine wakibeba magunia bandarini. Tusiidharau hoja hiyo, lakini tuitazame pamoja na takwimu. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya utafiti wao wa pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo, kulinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa makadirio yao, watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa maradhi hayo mawili kwa sababu ya saa ndefu za kazi. Moyo hauulizi kama saa hizo zilitumika kubeba gunia au kujibu barua-pepe. Na anayefanyia kazi nyumbani ndiye asiyejua saa zake zimefika ngapi, kwa kuwa hakuna kengele ya kumwambia aondoke.

Mataifa mengine yamejaribu kuirudisha hodi kwa njia ya sheria. Tangu Januari 2017, makampuni ya Ufaransa yenye wafanyakazi 50 na zaidi yanatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kujiondoa mtandaoni baada ya saa za kazi. Ureno ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomtaka mwajiri asimsumbue mfanyakazi wakati wa mapumziko yake isipokuwa kwa dharura kubwa. Australia ilifuata Agosti 2024. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Kifungu cha 41 cha Katiba kinatambua haki ya mazingira mazuri ya kazi. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi aliandaa mswada wa kuirekebisha Sheria ya Ajira ili mfanyakazi asilazimike kujibu simu na ujumbe wa kikazi nje ya saa zake. Waajiri waliupinga, wakihofia kwamba ungezifunga mikono biashara.

Hofu ya waajiri si ya kupuuzwa kabisa. Zipo kazi zisizo na saa: daktari huitwa usiku, na bweni likishika moto mwalimu mkuu hataambiwa asubiri mapambazuko. Lakini daktari wa zamu ana zamu. Anajua usiku gani ni wake na usiku gani si wake. Asiye na zamu ndiye aliye zamuni siku zote. Ukichunguza jumbe za usiku katika makundi yetu, ni ngapi zinazohusu bweni linaloungua? Nyingi ni vikumbusho vya fomu, picha za hafla, na "Asante mkuu" hamsini zinazofuatana.

Wapo pia watakaotukumbusha kwamba ualimu ni wito. Naam, ni wito. Hata hivyo, nimegundua kwamba neno "wito" hutajwa mara nyingi zaidi mahali ambapo fedha na muda vinataka kuchukuliwa bila ya malipo. Aliyeitwa aliitwa akafundishe. Hakuitwa akawe mlinzi wa simu. Na mwalimu aliyekesha akijibu jumbe ataingia darasani asubuhi akiwa gofu. Anayedhulumiwa hapo ni mwanafunzi.

Sheria peke yake haitatosha. Bunge haliwezi kumfunza mtu adabu ya mlangoni. Hodi haikuwahi kupitishwa na bunge lolote, na bado ilishika. Kwa hiyo nazielekeza rai zangu kwa shule na vyuo vyetu, ambavyo haviwezi kusubiri.

Kila shule na kila idara na iandike saa zake za mawasiliano, mathalani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na iziheshimu kuanzia kwa mkuu mwenyewe. Ujumbe wa mkuu usemao "msijibu sasa" bado ni ujumbe wa mkuu. Aliyekumbuka jambo usiku na aliandike pembeni, aupeleke asubuhi. Neno "dharura" lifafanuliwe kwa maandishi, na dharura itangazwe kwa kupiga simu, ili mtu aweze kuyafunga makundi usiku bila ya wasiwasi. Mkutano wa mtandaoni uwe na ajenda na mwisho unaojulikana, usizidi saa moja, na asiyetaka kuonyesha chumba chake asilazimishwe. Taasisi inayodai kazi ya mtandaoni ilipie bando au itoe marupurupu yake, kama ilivyokuwa ikilipia chaki. Na kabla ya kuleta programu yoyote ya kuwachunga wafanyakazi, iwaambie waziwazi inachunga nini na kwa nini.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Andika ujumbe uliokamilika: salamu, jina lako, somo lako, shida yako, na siku unayohitaji jibu. Ujumbe wa namna hiyo humwezesha mwalimu kukujibu mara moja na kwa ukamilifu, nawe utakuwa umepiga hodi. Usipojibiwa usiku, usiite mara ya nne. Kesho mtaingia katika ajira, na wengi wenu mtaanzia kwenye kazi hizi za mtandaoni; desturi mtakayoizoea sasa ndiyo mtakayokwenda kuidai, au kuikosa, mbele ya mwajiri wenu.

Muhula unapoanza, idara nyingi hufanya kikao cha kwanza cha kugawana masomo na ratiba. Napendekeza kwamba katika kikao hicho hicho, kabla ya hoja ya mengineyo, iwekwe hoja moja ya nyongeza: tutapatikana lini, na lini hatutapatikana. Haihitaji fedha wala idhini ya wizara. Inahitaji mwenyekiti wa kuiandika, na walimu wenye ujasiri wa kusema mbele ya wenzao kwamba nyumba zao zina milango.